Usiguse Meza Mpaka Nirudi

Yaya Fiston,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako sina haja ya kuiuliza. Nilikusikia Jumapili iliyopita, sauti yako nzima, imeshiba, inaongea Kifaransa cha watu wa redio. Padri mmoja aliyerudi kutoka likizo ya Ulaya alileta kaseti, na baada ya misa ya pili akaiweka kwenye televisheni ya ukumbi wa parokia hapa Mangobo. Kwa bahati umeme ulikuwepo. Mimi na Mama tuliwekwa benchi la mbele, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa kwamba ni filamu ya mtu wetu. Na kweli alikuwa wetu. Alikuwa Papa, baba yetu.

Uso ulikuwa wa Papa. Mikono ilikuwa yangu, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sina anwani yako, kwa hiyo barua hii sitaifunga. Nakala moja nitampa padri, nyingine nitampa mtu yeyote anayepanda ndege au anayeshuka na boti, sasa kwa kuwa boti zimeanza tena kupita kidogo kidogo. Anayetaka kuisoma njiani na aisome. Wewe uliwaonyesha watu nyumba yetu bila kutuuliza, basi na mimi nawaonyesha. Kwa ajili yao nitaeleza hata mambo unayoyajua, hata kwamba yaya ni kaka mkubwa na leki ni mdogo wake, yaani mimi. Utanivumilia. Mimi nimekuvumilia miaka miwili.

Papa yetu alikuwa fundi wa vitraux, yale madirisha ya kanisa ya vioo vya rangi. Alijifunza akiwa kijana kwa frère mmoja, bruda wa misheni, na yule frère alipokwenda kwao moja kwa moja alimwachia tanuru, kalamu ya kukatia na masanduku mawili ya vioo. Nyekundu iliisha kwanza, kisha njano. Zilipoisha, Papa akageukia chupa za bia. Alikata shingo na kitako, akapasua ubavu, akaitia kwenye tanuru ya makaa mpaka ikalainika na kulala kama chapati. Ndiyo maana watakatifu wote wa Papa wa miaka ya mwisho wana kanzu za kijani na kahawia. Wewe uliwaita watakatifu wa baa, na Papa alicheka mpaka akashika mbavu.

Unakumbuka chini ya meza? Tulikaa pale wawili, tukiokota vipande vilivyoanguka, vile ambavyo havikuwa na makali sana. Uliweka cha kijani kwenye jicho ukasema, "Leki, angalia, papa iko mugonjwa!" Kisha cha kahawia, na Papa akawa amepona. Siku moja ulichukua katoni ya sabuni, ukaitoboa, ukabandika kipande cha chupa kwenye tundu, ukatangaza kwamba ni kamera. Ulitupiga picha sote kwa katoni ile. Ulimpiga Mama akikaanga ndizi za makemba, ukanipiga mimi nikicheza ndombolo ya kitoto, ukampiga mbuzi wa jirani. Nilijipamba kwa ajili yako, yaya. Nilijipaka mafuta usoni kwa ajili ya katoni. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, na nasema hili mapema kabla hasira haijanifika shingoni.

Katoni ile ilikuwa na haya kuliko mashine uliyoipata baadaye.

Papa alitaka wewe uwe fundi. Ulijikata kidole mara moja, ukatangaza nyumba nzima kwamba kazi hiyo si yako, na tangu siku hiyo nikashika kalamu mimi. Hakuna aliyekaa kikao kuamua. Nilikuwa pale, basi. Kalamu ya Papa ilikuwa na chembe ya almasi kwenye ncha, ndogo kuliko punje ya ulezi. Mji wetu ulijaa watu wenye bunduki waliokuja kwa ajili ya almasi, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba na sisi tunayo moja, kule mtaani kwetu Tshopo, kwenye karakana ya mabati ambako mlio wa barrage, lile bwawa la umeme, unasikika mchana kutwa.

Kabla hujaja nyumbani na kamera, mikono ya Papa ilikuwa imeanza kutetemeka. Asubuhi kidogo, jioni zaidi. Mama alijua, mimi nilijua, basi. Parokia ikijua itampa mwingine kazi, Papa alisema, ingawa huyo mwingine hakuwepo popote kati ya hapa na Ubundu. Kwa hiyo yeye alichora na mimi nikakata. Alikaa kwenye kigoda nyuma yangu, macho amefumba, akisikiliza. Kalamu ikipita vizuri kwenye kioo hutoa sauti moja kavu, haikatiki. Ikikosea, hulia. "Hapo umekaza," aliniambia. "Hapo umelala, mama, amka." Hakuhitaji kuona. Niliwahi kukata bawa zima la malaika na yeye akalisifu kabla hajafumbua macho.

Na kuna jambo alilotufundisha sote wawili tukiwa wadogo, kwa hiyo usijifanye hulijui. Kalamu haikati kioo. Inakikwaruza tu. Ukishachora mstari, unagonga chini yake papo hapo, na kioo kinafunguka kwa kuufuata. Papo hapo. Ukiuacha mstari ulale, unajifunga. Kwa macho utauona bado upo, lakini ukigonga kesho kioo kitapasuka kinakotaka chenyewe. Kuna wakati Papa aliacha mgeni amesimama mlangoni, na alikuwa padri mkuu wa parokia, mpaka amalize kugonga mstari aliokuwa ameuchora. Ndipo akamwambia karibu.

Ulipofika na kamera tulifurahi, sitadanganya. Ulikuwa umepiga picha za harusi na matanga ya mji mzima, kwa kamera ya mfanyabiashara mmoja wa Butembo mwenye duka pale sokoni, na tulijivuna nawe. Ulisema kuna mtu huko Goma amekuahidi kwamba ukitengeneza filamu ya msanii, msanii wa kweli, wakati huu wa vita, filamu hiyo itakufikisha mbali. Mama aliuliza mbali wapi. Ulisema, "Mbali tu, Mama."

Wakati huo Papa alikuwa na kazi ya dirisha la parokia ya Mangobo, la Bikira Maria. Na kwa ajili ya joho la Bikira alikuwa ametunza kioo kimoja cha buluu, cha mwisho kutoka masanduku ya frère, kikubwa kama mlango wa kabati. Miaka yote kilikaa chini ya kitanda chao, kimefungwa kwenye shuka. Buluu haitoki kwenye chupa ya bia. Papa alikataa kukitumia kwa Mtakatifu Yosefu, akakataa kwa mbingu yenyewe. Aliposikia unataka kumpiga picha akikitoa, alinyoa ndevu.

Alivaa shati la misa. Ulimwambia alivue, avae lile lililotoboka mgongoni. "Papa, batu ya kule banapenda hii," ulisema, na yeye akavaa. Alipita mlangoni mara saba, kwa sababu mara ya kwanza aliangalia kamera, mara ya pili kuku aliingia, mara ya tatu alikusalimu kwa kuwa aliona ni utovu wa adabu kukupita kimya. "Papa, rudia." "Papa, tena kidogo." Tulicheka sana siku ile. Nikikumbuka kicheko chake nashindwa kukuchukia kwa saa nzima, kisha naendelea.

Halafu ukasema, "Bon, sasa mikono."

Ulisogeza kamera karibu. Papa alishika kalamu, na mkono ukaanza. Alijaribu kuushika kwa mkono mwingine, na huo nao ukaanza. Ulishusha kamera. Hukuwa unajua, na tulikuwa hatujakuambia, kosa hilo ni letu. Ulimwekea mkono begani, na kwa muda ule mfupi ulikuwa yaya wangu kabisa. Ningependa ungeishia hapo.

"Leki, kuya hapa," ulisema. "Weye ndiye utakata. Nitakamata mikono tu, sura hapana."

Nilidhani unatania. Lakini ulishafikiria yote. Ulisema mikono yangu ni laini, watu wataona ni ya mwanamke. Ulichukua majivu ya tanuru, ukachanganya na mafuta ya taa, ukanipaka mpaka kwenye viwiko, ukasugua kwenye kila mkunjo wa kidole, ukanitia saa ya Papa na mikono ya shati lake lililotoboka. Nilinuka kama jiko. Nilimwangalia Papa ili aseme neno.

"Muache," alisema. "Mikono ya Béa ni mimi niliifundisha. Iko kazi moja."

Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikakubali. Lakini nilipokuwa nakata, sikusikia sauti yake nyuma yangu hata mara moja. Nilipogeuka nilimwona amekaa kwenye kigoda, ameificha mikono katikati ya magoti kama mtu anayeona baridi, macho wazi. Hakuwa anasikiliza. Wewe hukuona, ulikuwa umefumba jicho moja.

Siku ya mwisho ikawa ya kioo cha buluu. Ulingoja mpaka jua liingie kwa mlango, mnamo saa kumi. Meza ilikuwa imepangwa: mchoro wa Bikira kwenye katoni kubwa, vipande vya kijani na kahawia kila kimoja mahali pake, buluu katikati, na kikombe cha chai pembeni, kwa sababu ulisema meza bila kikombe inakuwa maiti. Nilichora mstari mmoja kutoka bega la Bikira mpaka pindo, umejipinda wote, bila kupumua. Haukulia hata mahali pamoja. Na nyuma yangu nikamsikia Papa, baada ya siku zile zote za kunyamaza, akisema, "Eeh." Hiyo tu.

Niligeuza kalamu upande wa mpini, tayari kugonga. Kamera yako ikatoa kelele ikazima. Kaseti ilikuwa imejaa. Ulikuwa umepiga picha ya kuku, ya barrage, ya watu wanaopita na tolekas zao, zile baiskeli za abiria, ya mawingu, na ulipofika kwenye jambo lenyewe hukuwa na nafasi.

"Usiguse!" ulinipigia kelele. "Usiguse kitu!"

Mjini hakukuwa na kaseti. Mto ulikuwa umefungwa kwa vita, hakuna kilichopanda kutoka Kinshasa, na dukani kwa bwana wako zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa Goma, na Goma ni kwa ndege. Ulisema siku kumi.

"Fiston, mustari itafunga," Papa alikuambia. "Kioo ukishaipiga mustari, haingoji mutu."

"Papa, siku kumi tu. Picha ya leo na picha ya siku ile lazima bifanane. Kila kitu vile iko. Hata kikombe. Usiguse meza mpaka nirudi."

Nilisema nigonge sasa hivi, kisha tukirudishe kama kilivyo. Ulinigeukia kama mtu niliyemwibia. "Kugonga ndiyo film yenyewe! Nitafilmer nini?" Kisha ulichukua chaki ukazungushia kila kitu pale mezani, kikombe, kalamu, koleo, mpaka mchoro. Papa alikuangalia ukichora. Mtu aliyemwacha padri mkuu amesimama mlangoni kwa ajili ya mstari mmoja alisema, "Bon. Haitaguswa."

Ulipanda toleka, begi la kamera umelikumbatia tumboni, ukatupungia mkono bila kugeuka vizuri. Ndiyo mara ya mwisho nimekuona mgongo au uso.

Siku kumi zikapita, na nyingine kumi. Papa aliilinda ile meza kama mtu anayelinda mgonjwa. Alikataza kufagia karakana, vumbi lisije likahamisha chaki. Kazi zote nyingine tulizifanyia nje, kwa kalamu ya kuazima. Ukisikika mlio wa ndege alitoka uani kuangalia juu.

Kisha zikaja zile siku sita. Waliokuwa hapa hawahitaji kuelezwa, na waliokuwa kwingine hawataelewa, kwa hiyo nitasema kidogo. Majeshi mawili, na hakuna hata moja lililokuwa letu, yalirushiana mabomu juu ya mapaa yetu. Sisi watatu tulilala kwenye korido, mashavu kwenye saruji. Vioo vya madirisha vya mtaa mzima vilianguka siku ya kwanza, nikavisikia kimoja kimoja, na Papa naye akivisikiliza.

Siku ya tatu mchana kukawa na utulivu. Watu walitoka mbio kuchota maji na kuzika vitu vyao ardhini, cherehani, sufuria, redio. Nikamwambia Papa tuchukue kile kioo cha buluu tukifukie uani.

"Hapana," alisema. "Fiston alisema tusiguse."

"Fiston hayuko hapa!" Nilimpigia kelele baba yangu, mara moja tu katika maisha yangu, na ni hiyo. "Papa, Fiston hayuko hapa!"

"Atakuja. Atakuta yote iko mahali yake."

Alichukua godoro lao, akajitwika, akavuka ua. Nilimwona kupitia dirisha lisilo na kioo. Aliingia karakana akakaa humo muda mrefu. Baadaye niliona kwa nini: hakulitupa godoro juu ya meza, angehamisha vitu. Alipanga viti na vigoda pande zote, akalitandaza juu yake, lisimame juu ya meza bila kuigusa, kama chandarua. Kwa mikono ile, yaya. Sijui alifanyaje kwa mikono ile. Kisha akatoka, akafunga mlango, akageuka kuja kwetu, na bomu likaanguka uani.

Tulimzika pale pale, kama walivyozikwa wengi wiki ile, mimi na Mama na jirani mmoja. Jeneza hatukupata. Mama alimfunga kwa ile shuka ya chini ya kitanda, iliyokuwa imetunza kioo.

Mabati ya karakana yalitoboka kama chujio. Godoro lilijaa vipande vya chuma. Nililiinua upande mmoja nikachungulia, na kioo cha buluu kilikuwa kizima. Mji mzima haukuwa na kioo kizima, na chetu kilikuwa kizima, na kikombe kimesimama ndani ya duara lake la chaki.

Sisemi umemuua wewe. Bomu halikuwa lako na vita havikuwa vyako. Nasema alitoka kwenye korido kwa sababu ya neno lako. Najua kwamba hayo ni mambo mawili. Siku nyingine najua, siku nyingine sitaki kujua.

Tulituma habari kwa kila aliyekwenda Goma. Baada ya miezi, mtu mmoja akatuambia umeshavuka, uko Kampala, mwingine akasema umeshapanda ndege kubwa. Salamu hukutuma. Nilitaka kurudi karakana nifanye kazi, na Mama ndiye aliyenizuia. Alisimama mlangoni. "Fiston alisema tusiguse," alisema. Nikamwambia kwamba Papa amekufa kwa neno hilohilo. Akasema, "Film haijaisha. Atakuja kuimaliza." Miaka miwili Mama amelala kwenye mkeka, godoro lake limefunika meza yako. Mimi nimekata vioo vya madirisha ya watu kwenye baraza la jirani, kwa kalamu ileile ya kuazima, kwa wale wachache waliochoka na plastiki, na dirisha la Bikira kule parokia limezibwa kwa mbao. Sikubishana naye tena. Niliona kwamba pale chini ya godoro hakuna kioo, ni wewe, na nikikigusa nitakuwa nimekufukuza.

Sasa Jumapili iliyopita. Ukumbi ulijaa. Papa akapita mlangoni, na Mama akasema jina lake kwa sauti kama mtu anayemkaribisha. Kuku alikuwepo. Kikombe kilikuwepo. Kisha ikaja mikono, mikubwa, imejaza televisheni nzima, na sauti yako ikasema ni mikono ya baba yangu, iliyozeeka katika moto na kioo. Ukumbi ukavuta pumzi. Mwanamke nyuma yetu akasema, "Angalia mikono ya muzee, iko na akili." Mama alichukua mkono wangu kwenye paja langu, akaugeuza, akauangalia kwa mwanga wa televisheni, kisha akaangalia mbele, kisha mkono tena. Hukuwahi kumwambia mikono ya kwenye filamu ni ya nani. Hata sisi hatukumwambia, tuliona aibu.

Mstari wangu ukapita, wote, kutoka bega mpaka pindo. "Eeh" ya Papa ilisikika. Hapo picha ikawa nyeusi, na wewe ukaeleza kwa sauti ya polepole kwamba baba yako alikufa vitani, kwamba karakana yake iliteketea, na dirisha lile nalo, kwamba kioo cha buluu kilivunjika pamoja na mtu wake na hakuna kilichobaki. Halafu majina. Lako mara tatu. Watu walilia, na wengine walikuja kutushika mikono, hata huu wa majivu.

Mama hakulia. Alikaa akiangalia televisheni iliyozimwa.

"Kumbe aliimaliza," alisema. "Kumbe film iliishaka."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Jumatatu asubuhi nilisikia kishindo karakana, nikakimbia. Mama alikuwa ameshavuta godoro, ameliburuta mpaka uani, analipiga kwa mwiko, vumbi limemfunika na vipande vya chuma vinaanguka miguuni pake. Alipochoka aliingia, akachukua kile kikombe kutoka ndani ya duara, akakiosha, akakirudisha kabatini pamoja na vingine.

"Gusa," aliniambia. "Ni ya nani tena? Gusa."

Nilifuta kioo. Mstari ulikuwa bado unaonekana, mzuri kama siku ile. Nikashika kalamu ya Papa, nikagonga kwa mpini chini ya bega, taratibu, nikasikiliza. Kilifunguka kwa kuufuata, kiganja kimoja, viwili, nikaanza kuamini. Kisha kikauacha. Kilikwenda zake upande, kikalipasua joho katikati mpaka ukingoni, mbali na mstari. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia kwa hasira, nikakutukana matusi ambayo padri asingekubali kuyabeba. Mama alingoja nimalize.

"Sasa tia hivyo hivyo," alisema.

Nimetia hivyo hivyo. Nimeufuata ule ufa kwa ukanda wa plomb, ile risasi ya kuungia vioo, kama ulivyokwenda, na leo mchana dirisha limewekwa Mangobo. Bikira ana joho la buluu lenye mpasuko mrefu ambao Papa hakuuchora. Watu wanasema ni mkunjo wa nguo, wanausifu. Nimewaacha. Papa angefumba macho angejua mara moja kwamba kioo kile kiligongwa kwa kuchelewa.

Sikuombi kaseti na sikuombi jina langu ulitie kando ya lako. Naomba jambo moja. Popote unapoonyesha filamu hiyo, ikifika kwenye lile giza la mwisho, acha kusema kwamba kioo kilivunjika. Kilikuwa kizima. Papa alifanya ulivyomwambia, mpaka dakika ya mwisho, hakugusa kitu. Waambie watu hivyo, au nyamaza.

Mama ameniagiza niandike kwamba hajambo, na kwamba amerudi kulala kwenye godoro lake. Kwa upande wangu nina kazi mbili za madirisha na mikono inanuka moshi kwa haki yake. Ukija, uje kula makemba. Meza tumeifuta, hata chaki haionekani.

Ni mimi leki wako, ambaye mikono yake unaijua,

Béa